Glasi ya Kumi na Tano: Kumuaga Mzee Nahashon Omwenga wa Ofisi ya Usajili

Mzee Nahashon Omwenga anastaafu leo, Jumatano tarehe 28 Mei 2025, baada ya kuitumikia Klabu ya Kikapu ya Sidra ya hapa Riyadh kwa miaka ishirini na mitano na miezi minane. Ukihesabu kwa kalenda ya Hijria, leo ni tarehe mosi Dhulhija 1446, na utumishi wake unakuwa miaka ishirini na sita na miezi sita. Naomba msomaji asiidharau tofauti hiyo. Mzee mwenyewe aliidharau mara moja tu katika maisha yake yote ya kazi, na ndiyo iliyotukusanya kwenye hafla hii miezi ishirini na moja kabla ya wakati.

Wasifu wa Kiarabu umeshasomwa na mkurugenzi wetu, ambaye sote humwita Mudir. Ulikuwa ukurasa mmoja, safi kabisa, na kila tarehe iliyotajwa humo ni sahihi. Huu wa Kiswahili nimeuandika mimi, Euphrasia, niliyekaa meza ya pili ya ofisi ya usajili tangu mwaka 2019. Nimeambiwa niandike kwa ufupi, nisilie, na nisitaje mambo ya ofisini. Mawili ya kwanza nitajitahidi.

Mzee Nahashon alizaliwa Nyamira, Kenya, tarehe 12 Machi 1967. Kabla ya kuja huku alikuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa, akipima magunia ya wakulima. Wanaomfahamu tangu enzi hizo wanasema wakulima walimwogopa na kumpenda kwa sababu ileile: mizani yake haikumjua mtu. Alifika Riyadh Septemba 1999 akaajiriwa kama mtunza stoo wa Sidra. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mipira asubuhi na kuihesabu tena jioni. Baada ya miaka miwili mtu fulani ofisini aligundua kwamba stoo ndiyo idara pekee ya klabu ambayo hesabu zake zinakubaliana, wakamhamishia usajili. Hakuhama tena.

Kiarabu alijifunza kwa kusoma mikataba ya wachezaji, na mpaka leo anaongea kama mkataba. Mwuza mikate wa mtaani kwake Al-Suwaidi ni shahidi. Mzee akitaka mikate minne huiomba kwa mujibu wa makubaliano ya pande zote mbili, na akipewa mitatu hutaka maelezo. Yule bwana amemzoea; siku hizi humwuliza kama anahitaji na mhuri.

Hapa ofisini tulimsoma kwa maneno mawili, mafi mushkila. Watu wengine wakisema hakuna tatizo wana maana hakuna tatizo. Mzee akisema mafi mushkila kwa sauti ya chini huku anavua miwani, jamani, jiandaeni, kuna mtu hatacheza Alhamisi. Ofisi nzima tulikuwa tukiacha kula. Kulikuwa pia na sweta lake la rangi ya damu ya mzee, alilolivaa ndani ya kiyoyozi mwezi wa saba wakati nje lami inayeyuka, na pini zake za kubania karatasi, ambazo alizihesabu. Nilichukua tano bila kuomba mwaka 2021. Bado ananidai mbili.

Nisimalize sifa za ofisini nikasahau Jeddah. Alisafiri na timu kila mara ilipocheza huko, kwa sababu kadi za wachezaji hukaguliwa uwanjani na yeye hakumwamini mtu mwingine kuzibeba. Mwaka 2011, dakika arobaini kabla ya mchezo, aligundua kwamba kadi ya mchezaji bora wa Marjan, wapinzani wetu wakubwa, ilikuwa imekwisha muda siku moja nyuma. Angenyamaza, mchezaji yule angecheza, na sisi tungekata rufaa na kupewa ushindi wa mezani. Mzee alimfuata karani mwenzake wa Marjan, akamnong'oneza. Jamaa wakampigia simu mtu wao, kadi mpya ikaletwa, mchezaji akaingia uwanjani na kutufunga kwa pointi mbili. Mudir wa wakati ule hakumsalimia Mzee kwa wiki nzima. Mzee anasema ilikuwa wiki tulivu sana.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wageni wetu wengine leo ni ndugu na marafiki ambao mpira wa kikapu wanauona kwenye simu tu. Ligi yetu ni ya klabu za makampuni, si ile kubwa ya kwenye televisheni, lakini ina sheria kali moja: mishahara yote ya wachezaji wa timu moja, ukiijumlisha, isizidi kiwango kilichowekwa. Huo ndio ukomo wa mishahara. Umewekwa ili kampuni tajiri isinunue kila mwenye miguu mirefu. Timu ikipatikana imezidi siku ya mwisho ya Januari, inanyang'anywa pointi na kuondolewa kwenye mechi za mwisho za msimu.

Kocha wetu Hillary ni fundi wa kikapu, lakini ukimwonesha jedwali la namba anaanza kupiga miayo. Kwa hiyo Mzee alibuni njia yake. Kila mwanzo wa msimu aliingia chumba cha mikutano na chupa kubwa ya chai na glasi kumi na nne ndogo, zile zetu za huku zisizo na mkono. Chupa ni ukomo, alisema, na haiongezwi hata tone. Glasi ni wachezaji. Ukimjazia huyu mpaka ukingoni, yule wa mwisho atapata nusu. Akamimina moja baada ya nyingine, Kocha akitaja majina, mpaka chupa ikaanza kukoroma. Kilichobaki chini, kama kilibaki, alijimiminia yeye kwenye glasi ya kumi na tano, kisha kikao kikafungwa. Miaka mingi nilimwona akinywa matone mawili na majani.

Katika glasi hizo kumi na nne, moja ni ya Elly. Mnamjua, ameketi pale mbele, anazuia wa nyuma yake wasione. Elly ana miaka thelathini na saba, ni mtoto wa Bungoma, na anacheza chini ya kikapu. Alisaini Sidra Aprili 2015. Goti lake la kushoto limefanyiwa operesheni mara mbili na ukimwambia aruke siku hizi unaweza kupitisha gazeti chini ya viatu vyake, likunjwe vizuri. Lakini anajua mahali mpira utakapoangukia kabla haujapigwa, na vijana wote wa timu wamefundishwa na viwiko vyake. Mkewe, Velma, anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja hapa mjini. Ikama yake, yaani kibali cha kuishi huku, na za watoto wao wawili zinaning'inia kwenye ya Elly. Watoto wanasoma hapa, na yule mdogo anaongea Kiarabu kizuri kuliko sisi wote.

Desemba mwaka jana Mudir alimsajili mpiga mitupo mpya kutoka ng'ambo bila kupita ofisi yetu kwanza. Mzee alipoletewa karatasi alivua miwani. Ili tuelewane, tuseme ukomo wote ni sehemu mia. Pamoja na huyo mgeni, Sidra ilikuwa imefika mia na saba. Elly peke yake alikuwa kumi na nane. Marjan wa Jeddah wakajitokeza na kijana wao wa miaka ishirini na mitatu, mwenye mapafu ya farasi, anayelipwa kumi. Mpe Elly, mchukue kijana, toa kumi na nane, ongeza kumi, umebaki na tisini na tisa. Hata Kocha Hillary alizielewa namba hizo bila chai.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo halikuwa kwenye jedwali. Marjan walikuwa na haja na mkataba wa Elly kwa miezi minne tu, mpaka msimu uishe: mkataba mrefu wa yule kijana uwatoke, wa Elly uishe wenyewe, hesabu zao zibaki safi. Waliandika wazi kwamba hawataongeza. Ukibadilishiwa kafili, yule mwajiri anayekudhamini, Februari na mkataba ukaisha Juni, unafungasha: Elly, Velma, watoto, masufuria, wote. Lakini mkongwe akimalizia mpira wake hapa Sidra, desturi yetu ni kumpa kazi ya kufundisha timu ya vijana. Jeddah hakuna desturi hiyo. Kwa hiyo swali lilikuwa dogo na zito: familia ya watu wanne inabaki au inaondoka, na jibu linatakiwa kabla ya tarehe 31 Januari.

Mzee alipewa kazi ya kupima. Ninayo ile karatasi. Aliigawa katikati kwa rula, upande mmoja akaandika Aende, upande wa pili Abaki. Kwenye Aende aliweka goti, umri, dakika ambazo Elly hawezi tena kucheza, na zile sehemu saba tulizozidi. Kwenye Abaki aliweka kwamba tumepoteza michezo mitano kati ya sita ambayo Elly alikuwa nje, kwamba vijana wawili wa kati bado hawajaiva, na kwamba kijana wa Marjan hajawahi kumaliza msimu bila kugombana na kocha. Velma na watoto hakuwaandika. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ukomo hauna safu ya watoto, na akiiongeza yeye kwa Elly itabidi aiongeze kwa wote kumi na wanne. Kisha akachora mstari na chini yake akaandika, kwa mwandiko ule wake wa darasani: Aende.

Nilimchukia siku ile. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Elly ni mtu aliyekula ugali kwenye chumba cha Mzee kule Al-Suwaidi kila Ijumaa kwa miaka kumi kasoro, ameosha sufuria zake, amemfundisha kutuma picha kwenye simu. Mzee alimwita akamwambia mwenyewe, uso kwa uso, hakumwachia Kocha. Elly aliitikia sawa Mzee, akatoka, akarudi kuchukua kofia aliyoisahau, akatoka tena. Velma alikuja kesho yake akauliza tu kama watoto wanaweza kumaliza muhula. Mzee alimjibu kwa tarehe. Velma alipoondoka, Mzee alikaa na karatasi ileile mbele yake mpaka adhana ya alasiri, na hakuna namba iliyobadilika.

Jumatatu tarehe 27 Januari alipanda ndege kwenda Jeddah na faili la Elly mkobani, akatie sahihi kwa niaba ya klabu siku ya pili saa kumi alasiri, kwenye ofisi ya Marjan iliyoko Al-Rawdah. Kama kawaida yake alilala Al-Baghdadiyah, kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu anayoipenda kwa sababu chini kuna mama wa Kisomali anayechemsha chai na hiliki. Asubuhi ya Jumanne karani wa Marjan alimpigia simu akiomba cheti cha utumishi wa Elly kiandikwe tarehe za Hijria, ndivyo makaratasi yao yanavyotaka. Jambo dogo. Mzee akafungua faili la zamani, lile la karatasi, ili anakili tarehe. Mkataba uliandikwa tarehe mosi Rajabu 1436.

Hapo lazima nieleze kosa, na ni kosa la Mzee, wala yeye hakuwahi kumpa mtu mwingine. Mikataba yetu yote ya zamani ilikuwa na tarehe mbili, ya Hijria na ya Miladia, hii ya Januari hadi Desemba. Mwaka 2017 klabu ilileta kompyuta mpya, na programu yake ilikuwa na safu moja tu ya tarehe. Mzee ndiye aliyehamisha mafaili yote. Akaingiza ya Miladia, akaiacha ile nyingine, kwa sababu, alivyosema, ni siku ileile imevaa kanzu. Kwa siku moja ni kweli. Kwa miaka kumi si kweli hata kidogo, maana mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kumi na moja, na siku hizo hazipotei, zinajikusanya. Mtu aliyepima magunia kwa miaka yote ile, loh, akasahau kupima mwaka.

Kwa nini ilikuwa muhimu? Kwa sababu ligi ina huruma moja kwa wakongwe: mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika klabu moja huhesabiwa nusu tu ya mshahara wake kwenye ukomo. Kompyuta ilisema Elly atatimiza kumi tarehe 20 Aprili, akiwa amechelewa karibu miezi mitatu, kwa hiyo hakuna aliyewaza zaidi. Lakini tarehe mosi Rajabu 1436, ukiipeleka miaka kumi ya Hijria, inaangukia tarehe mosi Januari 2025. Elly alikuwa ameshatimiza. Kumi na nane yake ilikuwa tisa tangu mwaka mpya. Mia na saba ukitoa tisa ni tisini na nane, na kijana wa Marjan abaki kwao na mapafu yake.

Ilibaki kujua mkataba unahesabu kwa kalenda ipi, maana ligi hufuata mkataba. Karatasi ya kifungu hicho kwenye faili la Elly ilikuwa imelowa maji zamani na haisomeki. Saa tatu asubuhi simu yangu ililia. Mzee akaniambia nitoe faili lolote la mfanyakazi wa zamani, maana wote tulisaini mkataba wa aina moja, nimsomee kifungu cha tisa. Sikufika hata kabatini. Mezani kwangu kulikuwa na faili moja lililosubiri ikama yake ihuishwe. Nikafungua nikasoma, polepole, maana Kiarabu changu si cha mikataba: miaka yote ya utumishi na ya umri katika mkataba huu itahesabiwa kwa kalenda ya Hijria.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nyuma yake nilisikia vijiko vikigonga glasi na yule mama wa Kisomali akimwita mtu. Kisha akaniuliza hilo ni faili la nani.

"Lako, Mzee," nikamwambia.

Nilisikia glasi yake ikiwekwa mezani. "Halas, basi, Euphrasia," akasema. "Lirudishe."

Nilikata simu nikiwa na furaha ya Elly, nikaanza kupiga hesabu ya Elly kuhakikisha, na ndipo macho yangu yaliporudi kwenye yale maneno mengine matatu, na ya umri. Klabu hustaafisha watu wakitimiza miaka sitini. Mzee alijua, sisi sote tulijua, kwamba sitini yake ni tarehe 12 Machi 2027. Ilikuwa imezungushiwa duara kwenye kalenda ya ukutani na chini yake ameandika jina la Maureen, binti yake wa mwisho, anayesomea uuguzi Eldoret na ambaye anamaliza Desemba 2026. Mzee alikuwa ameahidi kukaa Riyadh mpaka Maureen avae sare. Nikahesabu kwa kifungu cha tisa. Sitini yake ilikuwa leo, tarehe mosi Dhulhija. Mimi ilinichukua dakika tano na kikokotoo. Yeye, ninavyomfahamu, alikuwa ameshafika kabla hajaniambia halas.

Alikuwa na saa saba mpaka saa ya kutia sahihi. Hakuna mtu duniani aliyejua ila yeye, na mimi kwa mbali. Angesaini, Elly angekwenda, kompyuta ingeendelea kusema inavyosema, na Mzee angekunywa chai yake mpaka Machi 2027. Ningekuwa mimi, ningesaini. Nasema ukweli mbele yenu na mbele ya Elly, ningesaini na kulia baadaye. Mzee alikwenda Al-Rawdah saa kumi kamili, akawaomba radhi Marjan, akawaeleza kosa lake kwa Kiarabu cha mkataba, na akarudi Riyadh na kalamu haijafunguliwa.

Mudir hakufurahi. Mpango ulikuwa wake na alipiga meza mpaka simu ikaruka. Alitaka kujua kwa nini Mzee anamletea jambo hili siku mbili kabla ya dirisha la usajili kufungwa. Mzee akamjibu kwamba hakulileta, lilikuwa kwenye kabati tangu mwaka 1436. Mudir ni mtu wa haki, hasira zake ni za dakika kumi. Alisoma kifungu mwenyewe, akakipeleka kwa kamati ya ligi, na tarehe 30 Januari wakakubali. Elly akabaki. Aliponibeba juu kwa furaha pale koridoni nilipoteza kiatu, na Mzee akapita akisema tuangalie pini zake.

Wiki mbili baadaye makao makuu ya kampuni walisikia habari za kifungu cha tisa, wakaona ni uzembe kukitumia kwa mtu mmoja. Wakatoa waraka kwamba tarehe za wafanyakazi wote zipangwe upya. Sisi wengine tulifaidi, tulijikuta na siku za likizo tusizozijua. Barua ya Mzee niliichapa mimi, maana ndiyo kazi yangu. Nilichapa nakala tatu na zote tatu nilizikosea.

Nikaandika na ya kwangu, ya rufaa, ukurasa mzima, kwamba mtu aliyegundua asiumie kwa ugunduzi wake. Nilimpa aisome kabla sijaipeleka. Aliikunja mara nne akaiweka chini ya glasi yake ya chai ili meza isilowe.

"Siwezi kumhesabia Elly kwa mwezi," akaniambia, "halafu nijihesabie mwenyewe kwa jua."

Nilimwuliza Maureen je. Akasema mafi mushkila. Alikuwa amevua miwani.

Kisha akanikataza kumwambia mtu, hasa Elly. Akatangaza mwenyewe kwamba amechoka, ameamua kupumzika mapema, kahawa ya Nyamira inamwita. Ninyi nyote mkaamini. Elly amemtania miezi mitatu mfululizo, eti Mzee ametoroka, eti amekimbia zamu ya kuosha sufuria, eti Mkisii akionja pensheni huwezi kumzuia. Wiki iliyopita amemnunulia fimbo ya kutembelea yenye utepe. Mzee aliipokea, akaijaribu mpaka mlangoni, akacheka nasi. Mimi nilitoka nje.

Kumbukumbu rasmi zinanitaka nitaje mafanikio, basi nayataja. Kwa miaka ishirini na mitatu aliyoongoza usajili, Sidra haijawahi kunyang'anywa pointi hata moja kwa kosa la makaratasi. Amesajili wachezaji mia mbili na kumi na mmoja. Amewaandikia barua za ubalozi watu wengi kuliko hao, wengi wao si wa klabu, madereva na akina mama wa majumbani waliosikia kwamba kule Al-Suwaidi kuna mzee anayesoma mkataba na kukwambia ukweli wake. Msimu huu tumemaliza wa nne, tukiwa na Elly na goti lake, na kuanzia Agosti Elly ndiye kocha msaidizi wa timu ya vijana. Watoto wake wamemaliza muhula na wameandikishwa mwingine. Chama cha ushirika cha kahawa kimempa Mzee kiti chake cha zamani, siku tatu kwa wiki, na Maureen amemwandikia kwamba watapanga, asiwe na wasiwasi. Ana mwandiko kama wa baba yake, nimeuona.

Mzee Nahashon, ulinikataza kuandika haya na nimeyaandika. Saa tisa alasiri ya leo ulikabidhi funguo za kabati, kwa hiyo si bosi wangu tena na huwezi kunipa barua ya onyo. Zile pini mbili nimezibana kwenye kona ya karatasi hii, tumelipana. Asante kwa kila safu uliyonifundisha kuisoma, na asante kwa ile ya umri, ingawa hiyo ningependa usingeniomba niisome. Ufike Nyamira salama, upumzike kwenye kivuli chako mwenyewe, afya iwe nawe, na siku utakayomwona Maureen ndani ya sare utupigie simu hata kama tuko kazini.

Na wewe Elly, sasa unajua kwa nini anaondoka leo. Usinitazame mimi. Chupa ya chai iko mezani mbele yako na glasi ziko kumi na tano, nimezihesabu. Miaka yote, glasi hiyo ya mwisho ilikuwa yake. Inuka, uanze nayo, na uijaze.